Simu ya Mama na Matangazo ya Vifo

Nina duka la steshenari hapa Bugene. Natoa fotokopi, nachapa barua za maombi ya kazi, nafanya laminesheni za vyeti vya ubatizo, na watu wakishamwona mtu amekaa mbele ya kompyuta wanaamini anajua kila kitu chenye kioo. Sikatai sifa. Ila kazi iliyonitoa jasho kuliko zote nimeifanya bure, na aliyenipa kazi hiyo ni mama yangu mzazi, ambaye nilimtafutia programu ya kusomea habari kwenye simu. Kwa miezi karibu mitatu tuligombana, tukapatana, tukagombana tena. Mimi nina hasira za karibu. Zangu nimezirithi kwake, kwa hiyo sikuwa na pa kukimbilia.

Mama anaishi Mabira, kwenye kibanja cha migomba alichoachiwa na baba. Ana miaka sabini na kitu, wazazi wake walitoka Rwanda yeye akiwa mgongoni, na ukimsikiliza anavyoongea Kinyambo utasikia Kinyarwanda kinachungulia mwishoni mwa maneno. Kusoma anasoma vizuri sana. Kanisani ndiye aliyekuwa akisoma neno miaka mingi kabla ya vijana kuja na vipaza sauti vyao. Lakini kama unataka kumjua mama yangu hasa, ungemwona msibani.

Kwetu matangazo ya vifo husomwa redioni jioni, na mama alikuwa hayakosi. Alipakata redio yake ndogo kama mtoto, akanyamaza, na sisi sote tukanyamazishwa. Akisikia kijiji anachoweza kufika, kesho yake alfajiri alikuwa njiani na kisu chake mwenyewe kimefungwa kwenye pindo la kitenge. Anafika, analia kwanza pale kwenye lango la ua, maana huwezi kuingia nyumba ya msiba macho makavu kama unakuja kuuliza bei ya mbuzi. Akimaliza anafuta uso, anavua viatu, anakaa kwenye lundo la ebitoke, zile ndizi za kupika, na kuanza kumenya. Ndani ya nusu saa wanawake wote wa jikoni wanajua nani anachota maji, nani anakaa motoni, nani amshike mjane asianguke. Nimewaona wafiwa waliokuwa wakitetemeka wakatulia kwa kumwona tu anaingia. Hakuwa na cheo chochote. Mimi mtoto wake nilikuwa namwangalia nikisema moyoni, jamani, huyu mtu ni wangu.

Kisha masikio yakaanza kumgomea. Mwanzoni aliongeza sauti ya redio hadi majirani wakawa hawahitaji kuwasha zao. Baadaye akawa anabandika sikio kwenye spika. Baadaye tena akawa anapata nusu nusu, anasikia kijiji lakini jina halisikii, au anasikia jina na kijiji kinampita. Siku moja alikwenda kwenye mji wa watu na kisu chake, akaanza kulia langoni kwa sauti yote, watu wakatoka ndani wamekodoa macho. "Mama, kuna nini?" Hakukuwa na kitu. Walikuwa wanaanika maharage. Mzee mwenye mji aliyedhaniwa marehemu ndiye aliyemkaribisha chai. Tulicheka wiki nzima, na yeye alicheka pia, lakini nilimwona siku hiyo alivyokifungua kisu kwenye kitenge na kukirudisha jikoni polepole.

Halafu akafa rafiki yake.

Huyu alikuwa mwanamke Mnyambo, amemzidi mama miaka kidogo. Mama alipoletwa Mabira kuolewa, hajui mtu, hajui hata mgomba unatunzwaje, huyo ndiye aliyemletea machipukizi ya kwanza ya migomba na kumfundisha kutandaza majani shambani. Walilea pamoja, wakazika watoto pamoja, wakakaa benchi moja kanisani. Uzee ulipomzidi akahamia Kimuli kwa binti yake. Alifariki msimu wa kahawa. Mama alikuja kujua wiki ya tatu, tena gulioni, muuza maharage alipomshika mkono na kumpa pole. "Pole ya nini?" akauliza mama. Ndivyo alivyojua.

Alirudi nyumbani akalala kitandani na viatu. Nilipofika aliniambia neno moja tu: "Hawakunihesabu." Hakuna mtu aliyetumwa kwake, hakuna barua, hakuna chochote. Nilimwambia twende Kimuli tukatoe pole, hata kama tumechelewa. Akakataa. Nikamwambia huenda walipiga simu. Akaniuliza nani anampigia simu kiziwi. Nikamsihi wiki iliyofuata, akanigeuzia mgongo. Tangu siku hiyo hakwenda msiba wowote, hata wa jirani wa mita mia. Watu waliendelea kuuliza mama yuko wapi, na mama alikuwa ndani, mlango umerudishiwa, anapukuchua maharage. Niliogopa. Nilijua mama yangu akishajiondoa kwa watu hatamaliza mwaka.

Na kuna jambo lilikuwa linanichoma ambalo sikumwambia mtu. Dukani kwangu redio inawaka kutwa nzima. Yakianza matangazo ya vifo mimi hupunguza sauti, maana wateja wananuna na mimi mwenyewe yananichosha, majina mengi, vijiji vingi. Kwa hiyo jioni tangazo la rafiki yake liliposomwa, kama lilisomwa, huenda ni mkono wangu huu uliolizima.

Basi nikanunua simu ya kupangusa, yenye kioo kipana, nikampelekea. Nikamwambia masikio yamegoma lakini macho yapo, na siku hizi habari zinasomwa. Hakusema asante wala hakukataa. Aliuliza tu kama ina matangazo. Nikajibu haraka haraka, mdomo wangu ndivyo ulivyo: "Ina kila kitu." Haikuwa na kitu.

Programu ya kwanza niliyomwekea ilikuwa na picha kubwa kubwa, wachezaji wa mpira, waimbaji na wake zao. Ukiifungua juu kabisa imeandikwa HABARI ZAKO. Mama alivaa miwani, akasoma, akaniangalia, akaiangalia simu, akajibu kwa adabu: "Nzuri." Nilicheka hadi nikashika ukuta. Yeye hakucheka. Alisubiri simu iendelee na salamu, imuulize habari za nyumbani, za mifugo, kama mtu aliyelelewa vizuri. Badala yake ilimwonyesha dada mmoja aliyevaa nusu nguo anauza sabuni. Akaifunika kifudifudi kwenye meza.

Ya pili niliisifia mwenyewe kabla hata sijaijaribu. Hii, nikamwambia, inakusoma wewe, inajua unachopenda inakuletea. Mama akafungua habari ya ng'ombe aliyezaa mapacha, kwa sababu nani ataiona hiyo asiifungue? Kuanzia hapo zikaja ng'ombe. Ng'ombe wa Kenya, ng'ombe wa Brazili, ng'ombe wenye mashine kwenye viwele. Wiki nzima ng'ombe tu. Aliponiona nashuka kwenye bodaboda hata shikamoo yangu hakuipokea, alianza: "Hii simu yako ina kiherehere. Nimeuliza mara moja, imeniletea ukoo mzima." Nikawaka. Nikamwambia mbona hachagui vitu vingine. Akaniambia hajaomba vitu, ameomba matangazo. Nikarudi Bugene nimenuna, na mvua ikaninyeshea njia nzima, ikanipoza hasira.

Jibu lilinifuata dukani. Mteja mmoja alileta tangazo la msiba nimchapie, akasema nilitume kwa barua pepe kwenye redio yetu ya hapa, kwa sababu siku hizi wakishalisoma hewani wanaliweka pia kwenye ukurasa wao wa mtandaoni. Nilimuuliza mara mbili kama ana hakika. Nikafungua ukurasa. Yalikuwepo! Moja chini ya jingine, maneno yaleyale ya redioni, hayana picha wala mbwembwe. Nikamtolea yule mteja fotokopi bila hela, naye hakujua kwa nini.

Sasa ilibidi yamfikie mama yenyewe, maana kumwambia aingie mtandaoni atafute ukurasa ni kutafuta kesi. Pia Mabira mtandao ni wa kubahatisha, kwenye kibanja chetu unaupata ukisimama karibu na tangi la maji basi. Nikaanza kusoma, na hapo ndipo nilipokutana na programu za aina nyingine kabisa, zile ambazo hazikuchagulii kitu. Wewe ndiye unaziambia: nichukulie ukurasa huu na ule, kila kinachoandikwa niletee, kwa mpangilio wa kilichotangulia na kilichofuata, nikiwa sina mtandao nisome hivyohivyo. Nilizipenda mara moja. Zina nidhamu ya mtumishi wa zamani, anayeleta alichotumwa na kukaa pembeni. Kwa Kiswahili chao kila ukurasa unaoufuata wanauita mlisho.

"Mlisho?" mama akauliza. "Nimekuwa ng'ombe sasa?"

"Mama, ng'ombe si uliwataka wewe," nikamwambia sikioni.

Akanipiga na kitambaa cha meza. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona ametabasamu tangu msimu wa kahawa.

Lakini hata hiyo ya tatu niliyomwekea haikudumu. Ilikuwa na tabia moja niliyoiona ni uungwana, kumbe kwa mama ni ukosefu wa adabu. Ukitelezesha kidole kushuka chini, kila tangazo lililopita mbele ya macho yako inalihesabu limesomwa na kuliondoa. Mama aliliona tangazo la mzee mmoja wa kijiji cha pili, akashuka kidogo aone la chini yake, akarudi juu, la mzee halipo. Alinitumia ujumbe, wa kwanza maishani mwake, herufi zote kubwa: NANI AMEIAMBIA NIMEMALIZA.

Nikapanda bodaboda. Nikamweleza kwa kuandika kwenye daftari, ndivyo tunavyozungumza mambo marefu, kwamba amelisoma, kwa hiyo limetoka. Akalisoma jibu langu, akanikazia macho yale ya zamani ya kanisani.

"Kusoma siyo kumaliza," akasema. "Nikisikia mtu amekufa nimeanza. Namaliza nikishafika kwao."

Mimi mwenye kompyuta mbili na mashine ya laminesheni, nimesoma maelezo ya programu kumi na kitu, wapi nyota nne, wapi nyota tano, sikuwa nimefikiri hata mara moja kwamba kuna mtu habari kwake ni safari. Nilimheshimu upya, kabisa, kama mtu niliyekutana naye siku hiyo.

Ya nne ndiyo tuliyobaki nayo. Haina sura, rangi zake mbili tu, nyota zake chache. Herufi zake zinakuzwa hadi tangazo moja lijaze kioo. Kila tangazo lina kiduara pembeni, na halitoki mahali pake mpaka ukibonyeze mwenyewe kwa kidole chako. Ukiliacha wiki, litakaa wiki. Nilimwonyesha mama kiduara. Alikibonyeza, akakirudisha, akakibonyeza, akakirudisha. "Hii ina subira," akasema.

Nilipoiambia ifuate ukurasa wa redio ilishusha matangazo yote yaliyokuwepo, ya miezi mingi nyuma, mia na kitu. Nikaona ni uchafu. Kulikuwa na kitufe cha kuyawekea yote alama ya kusomwa kwa mara moja, aanze upya leo, kioo cheupe. Kidole changu kilikuwa kinashuka mama aliponidaka mkono.

Nikamwandikia kwenye daftari: "Hawa wameshazikwa wote, Mama."

"Mimi sijawazika," akasema, na kuninyang'anya simu.

Nilimwona ni mkaidi. Nilimwambia hivyo pia, kwa sauti ndogo, kwa kuwa nilijua hasikii. Nikaondoka.

Akaanza kazi yake. Kila asubuhi akishamwagia kuku mahindi alisimama kwenye tangi la maji mpaka simu ichukue ya jana, kisha akakaa kibarazani na kuanza kurudi nyuma kwenye yale ya zamani, matano, sita, hazidishi. Wa karibu aliwaendea kwa mguu. Alifika kwenye nyumba ambazo maua ya makaburi yalishakauka, akatoa pole, akanywa uji, akarudi akabonyeza kiduara. Wa mbali, wale wa Mwanza na Dar es Salaam, aliwaombea kwa majina na kubonyeza. Na kwenye misiba mipya akaanza kuonekana tena. Mteja mmoja aliniambia dukani, mama yako yupo bwana, jana alitufukuza jikoni tulivyokuwa tunamenya vibaya. Niligeukia mashine nikajifanya natafuta karatasi, machozi yananitoka kwa furaha.

Kimuli peke yake hakwenda. Nilijaribu kumgusia mara moja, akafunga daftari.

Ijumaa moja nilifika na sukari na sabuni kama kawaida yangu. Nilimkuta amekaa kizingitini, miwani ameivua, simu iko mapajani. Nilipomwamkia alinipa simu bila kupokea. Kioo kizima kilikuwa tangazo moja, la miezi saba nyuma.

Familia ilisikitika kutangaza kifo cha mama yao mpendwa kilichotokea nyumbani Kimuli, mazishi kesho saa nane mchana. Habari ziwafikie watoto wa marehemu walioko Mwanza na Bukoba, wanakwaya wenzake wa zamani, na hapo likafuata neno Mama na jina la kaka yangu mkubwa. Mama yangu hapa kwetu haitwi kwa jina lake, anaitwa mama wa mtoto wake wa kwanza. Kwa hiyo aliyeitwa hapo ni yeye. Mama fulani wa Mabira, ambaye marehemu alimwita ndugu. Ndugu, jamaa na marafiki popote walipo.

Nililisoma mara tatu.

"Waliniita," mama akasema. "Wameniita redioni, mkoa mzima umesikia, kila mtu akidhani na mimi nimesikia. Mimi nipo hapa napukuchua maharage, nawanunia."

Nilikumbuka kidole changu juu ya kile kitufe. Nikakaa chini kando yake. Yeye ndiye aliyesimama kwanza. Aliingia ndani, akatoka amevaa kitenge cha msiba, mkungu wa ndizi kichwani, akaniambia nikaite bodaboda mbili.

Mama hakugeuka nyuma njia nzima ya Kimuli. Tuliposhuka, binti wa marehemu alikuwa anafagia ua. Mama akatua mkungu langoni, akashika kichwa kwa mikono miwili na kulia. Alilia kilio cha siku ya kwanza, kile cha kuita jina la aliyekufa, bila kupunguza, miezi saba imepita kwa wengine. Majirani walikuja mbio wakidhani kuna kifo kingine. Binti alisimama na ufagio wake. Nilifikiri atakasirika, ningekuwa mimi ningekasirika. Akauachia ufagio, akaja akamkumbatia mama, naye akaanza kulia, na mimi huyo.

Walipotulia binti akaanza kumwambia kitu, haraka haraka, akimshika mashavu. Mama alikuwa anamwangalia mdomo tu. Nikamwambia binti kwamba hasikii, masikio yamekwisha, hata redio ile jioni hakuisikia. Binti akanikodolea macho. Nikamfungulia mahali pa kuandika kwenye simu nikampa. Mikono yake ilikuwa na vumbi, aliipangusa kwenye sketi, akaandika kwa kidole kimoja, muda mrefu. Kisha akamshikia mama kioo mbele ya uso.

Mama alivaa miwani. Akasoma kwa sauti, ile ya juu mno ya watu wasiojisikia, majirani wote wakasikia.

"Tulikusubiri. Kaburi lilikaa wazi mpaka saa kumi na mbili, mchungaji akasema giza linaingia."

Akasoma tena, safari hii kimya, midomo tu ikicheza. Akamrudishia binti simu.

"Nimefika," akasema. "Nipelekeni alipo."